Ua la Mlimani na Msamaha Usiokuwa Wangu

Ndugu zangu wa kwaya, tangu nirudi mmekuja mmoja mmoja pale kitaluni kwangu kuniuliza ua liko wapi, na kila mmoja nimempa jibu tofauti. Mmoja nilimwambia halijachanua. Mwingine nilimwambia liko chini ya uangalizi maalum. Jibu la kweli ni kwamba halipo, na mimi ndiye karibu nilimalize. Nilipanda mlima kutafuta ua, nikashuka nikala msamaha wa mtu mwingine. Kipande mlichosikia kwa madereva wa lori ni cha kweli, nacho ndicho chepesi kuliko vyote. Sasa someni vilivyobaki.

Mnanijua. Nilianza kwa kusukuma mkokoteni Athi River, nikavunja mawe kwenye timbo, nikaosha vyombo vya watu Uholanzi hadi nikajilipia chuo mwenyewe. Hakuna mjomba, hakuna harambee. Nikarudi na Diploma ya Kilimo cha Maua, ambayo nyote mmeiona ukutani kwa sababu nilihakikisha mnaiona. Huko chuoni kulikuwa na makabati ya mimea iliyokaushwa. Siku moja nilivuta droo nikakuta ua limebandikwa kwenye karatasi, limechujuka kama leso iliyofuliwa sana, na chini yake mtu ameandika: Kajiado. Lilifuata jina la mlima, kisha maneno kwamba halijaonekana kwingine. Nilisimama pale na droo mkononi kama mtu aliyekuta picha ya mama yake katika nyumba ya wageni. Nikaapa kwamba nikirudi nitalitafuta, nitalizalisha, na litaitwa kwa jina langu.

Jina la mlima sitaliandika. Mkifika mwisho mtajua kwa nini.

Kitengela hadi Isinya

Ulikuwa mwaka wa ukame. Upande mmoja wa barabara ya Namanga nyumba mpya zilikuwa zikichomoza kila wiki, upande wa pili mifupa ya ng'ombe ilikuwa imelala kwenye waya za uzio. Nilivaa kaki na kofia pana, nikabeba mkoba wa ngozi na sururu ndogo. Mwende, mke wangu, alinifungia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, kwenye kopo.

"Baba Kioko," akasema, "si uende na mtu anajua Kimaasai?"

"Mimi ninajua Kimaasai."

"Unajua sopa."

"Na kuitikia ipa. Mazungumzo yote yanaanzia hapo."

"Na yanaishia hapo," akasema, akafunga kifuniko.

Nilipata nafasi mbele ya lori la Kamau, mtu wa Nyeri anayepeleka soda hadi mpakani na kurudi na kreti tupu. Kamau husimama kila mahali. Alisimama kununua makaa, akasimama kusalimia shemeji, akasimama kuangalia mbuzi ambaye hakumnunua. Karibu na Isinya ng'ombe walijaa barabarani kutoka ukingo hadi ukingo, wakielekea mahali walikosikia kuna majani. Walikuwa wamekonda hadi unaweza kutundika koti kwenye nyonga zao. Tulizima injini tukangoja. Nilitumia muda huo kumweleza Kamau namna mmea unavyopumua. Alisikiliza, akamenya ndizi, akasema, "Wewe uko na bahati. Mimi nikiongea hivyo nyumbani nanyimwa chakula."

Soko la Kajiado

Kajiado ilikuwa siku ya soko la mifugo. Kamau alikuwa na shughuli zake, akaniambia nimngoje karibu na zizi la kuuzia. Hapo ndipo mzee mmoja aliponishika mkono.

"Daktari, kuja uone huyu."

Ilikuwa ile kofia, na kaki, na mkoba. Ningeweza kusema mimi si daktari wa mifugo. Badala yake nilimfungua ng'ombe mdomo, nikamtazama meno, nikakohoa kidogo.

"Huyu anakosa maji," nikasema.

Watu walicheka. "Hata sisi tunakosa," mwingine akadakia. "Daktari, tupime na sisi."

Nilicheka nao, nikampigapiga ng'ombe shingoni kama mtu aliyemaliza kazi, na mzee akanishukuru. Nilipanda lori nikiwa nimejaa furaha. Nawaeleza jambo hili dogo kwa sababu baadaye nililikumbuka sana. Nikipewa heshima ambayo si yangu, mimi sina mkono wa kuirudisha.

Bissil, kwa Mama Sanaipei

Kamau alinishusha Bissil, kwenye hoteli ya Mama Sanaipei, mwanamke mnene mwenye sauti ya kwaya ambaye huuza chai, chapati na matumbo na hujua habari za kila boma hadi mlimani. Chai yake ina moshi ndani yake. Nilikunywa vikombe viwili huku nikimweleza mimi ni nani.

"Sasa wewe msomi mzima unaenda huko juu kutafuta nini?"

"Ua."

"Ua?"

"Ua ambalo halipo mahali pengine popote duniani."

Aliwageukia wateja wengine. "Mmesikia? Watu wanatafuta nyasi ya ng'ombe, huyu anatafuta ua." Walicheka hadi mmoja akakabwa na chapati.

Lakini alinielekeza vizuri. Nifuate mkondo mkavu hadi chini ya mlima, nipite boma la Mzee Parmuat, kisha nipande. Halafu akaketi mbele yangu na kushusha sauti.

"Ukipita kwa Parmuat, usiulize habari ya watoto. Kijana yake, Lemayian, aliuza shamba yao ya huko kwenu Kitengela bila kumwambia. Mzee akamfukuza. Akasema hiyo jina isitajwe tena kwa boma yake mpaka huyo kijana aombe msamaha vile watu huomba. Sasa mama yake macho inaisha. Anataka kumwona kabla iishe kabisa. Mzee hawezi kumwita, kijana anaogopa kuja. Wanakaa hivyo tu."

"Pole yao," nikasema, nikarudi kwenye habari za mizizi.

Sikumuuliza hao watu huomba vipi. Nilikuwa ninaongea.

Mlimani

Nililala Bissil, nikaondoka alfajiri. Boma la Mzee Parmuat nililipita kwa mbali, nikaona moshi tu. Kule chini kila kitu kilikuwa rangi ya udongo. Miiba, mawe, na miti ambayo usingejua kama iko hai. Lakini mlima ule una msitu wake, mkavu na mgumu, wa mitarakwa na mizeituni ya porini, yenye ndevu za kijivu zinazoning'inia kwenye matawi na kunywa ukungu wa asubuhi. Ukiingia ndani joto linakuacha. Udongo unanuka kama sanduku la penseli.

Nilizunguka karibu kutwa nzima. Nilikula muthokoi wangu nimeketi juu ya jiwe, nimeshakata tamaa na tayari ninatunga namna ya kuwaeleza ninyi. Kisha nikaona mwamba unaotoa maji, si chemchemi, jasho tu, na chini yake nyasi mbichi, pengine nyasi mbichi za pekee kutoka pale hadi Tanzania. Na kando ya nyasi, kwenye kivuli cha mzeituni, udongo mtupu ulikuwa umetoa maua.

Hayana majani, ndugu zangu. Bua linatoka ardhini peke yake, laini, na juu yake ua la waridi hafifu, lakini kooni jekundu kama ndani ya kinywa cha mtoto. Lile la kwenye droo halikuwa limenitayarisha kwa ile rangi ya kooni. Niliweka kofia chini. Nilipiga magoti. Hilo lilikuwa jambo langu zuri la safari nzima, na lilichukua muda mfupi sana.

Kwa sababu baada ya hapo nilichukua sururu. Kila ua lina tunguu lake chini, dogo, la ngozi ya kahawia kama kitunguu. Ningeweza kuchukua moja. Chuoni walitufundisha hivyo, chukua kidogo, acha kingi. Lakini nilifikiri kwamba nikiacha hata moja, mtu mwingine mwenye diploma atakuja alichukue na kuliita kwa jina lake. Basi nikang'oa yote niliyoyaona. Nikazunguka mwamba kuhakikisha, nikang'oa na lile lililokuwa limejificha nyuma.

Nikayafunga kitaalamu. Matunguu katikati, yamezungushiwa nyasi mbichi zenye maji, zimefungwa kwa kamba, mabua yamesimama juu. Mzigo kama huo haulazwi wala hautiwi mkobani. Unaubeba wima mbele yako, mkono wa kulia, kwa utaratibu. Ndivyo nilivyoshuka mlima.

Kwenye boma la Mzee Parmuat

Jua lilikuwa likielekea kuzama nilipofika kwenye lango la boma, nina kiu kali. Mwanamke aliyekuwa amebeba mtungi wa maji aliniona akautua. Mwingine alifunika mdomo. Mzee Parmuat, mrefu, shuka jekundu, alikuwa ameketi kwenye kigoda. Aliinuka polepole. Hakunitazama usoni, alitazama mkono wangu. Nikaunyoosha alione ua vizuri.

"Sopa," akasema.

"Ipa!"

Alianza kuongea Kimaasai, maneno marefu, kwa utulivu, kisha akaacha nafasi. Sikuelewa hata moja. Mtu mwenye akili angesema hivyo.

"Ee," nikajibu, nikiinamisha kichwa kama mtu anayepima uzito wa jambo.

Akauliza tena kitu. "Ee," nikasema.

Kisha akaniuliza kwa Kiswahili, neno moja tu. "Kitengela?"

"Kitengela, mzee. Nimetoka Kitengela."

Aliupokea mzigo wangu kwa mikono miwili. "Polepole, mzee," nikamwambia, "hilo ni la pekee." Aliita, na kutoka nyumbani akaja bibi mzee, mkono mmoja ukipapasa ukuta. Wote walimwita Koko, yaani nyanya. Mzee alimwekea zile nyasi mikononi. Alizipapasa, akazinusa, akakaa chini palepale akalia. Wanawake wakaanza kuimba.

Nami nikawaza: hatimaye, watu wanaoelewa maua.

Walichinja mbuzi. Katika ukame ule, wakati mbuzi aliyebaki ni yule aliyekataa kufa, walichinja. Mzee mwenyewe alinikatia vipande kwa kisu chake, vya mafuta, na nikala vyote. Nikasimama nikatoa hotuba kwa Kiswahili kuhusu mkokoteni, Uholanzi na diploma, na wazee walinisikiliza kwa heshima kubwa. Nilipewa ngozi nzuri ya kulalia. Asubuhi mzee alikunywa funda la maziwa akanipulizia kifuani, akisema maneno, na wote wakaitikia "Enkai", ambalo nilijua ni Mungu. Nilikuwa ninafikiria shati langu.

Ndipo akaja Naisiae, binti yao, mwalimu wa chekechea ya karibu. Alikuwa anahema, ana vumbi hadi magotini. Alinishika mikono yote miwili.

"Kaka, nimesikia leo asubuhi nikakimbia. Asante sana. Yeye mwenyewe anakuja lini?"

"Nani?"

"Lemayian!" Alicheka kwa machozi. "Bado ako na ile kazi ya mageti? Baba anasema hukusema maneno mingi, ulisimama tu na nyasi kama mtu ameletwa na heshima. Na kiangazi hii! Nyasi mbichi iko juu ya mlima peke yake. Baba anasema, kijana yangu ametafuta mtu akapanda mpaka juu kuniletea. Sasa ningekataa namna gani?"

Hapo ndipo nilipoelewa kile ambacho kila mtu wa Bissil angeniambia kama ningefunga mdomo. Mmaasai aliyemkosea mwenzake huja na nyasi mbichi mkononi, au humtuma mtu nazo, na anayeletewa hawezi kuzisukuma. Nilikuwa nimeingia kwenye boma lile nimebeba ombi la Lemayian, ambaye sikuwa nimewahi kumwona, na baba yake alikuwa amelikubali.

Ningeweza kusema pale pale. Kulikuwa na nafasi. Naisiae alikuwa ananitazama. Nyuma yake mifupa ya mbuzi ilikuwa bado kando ya majivu.

"Karibuni," nikasema. "Atakuja karibuni."

Koko aliuliza kitu kutoka mlangoni. Naisiae akatafsiri. "Anauliza kama amenenepa ama amekonda."

"Amenenepa kidogo," nikasema.

Yale "ee" nilisema kwa ujinga. Hili nilisema nikijua. Ninyi mnaonijua kanisani, mnaonipa kisomo cha Jumapili nisome, mjue kwamba nilimwambia hivyo mama asiyeona.

Nilipotoka langoni nikaona mzigo wangu umefungwa kwenye nguzo, mahali pa heshima. Mbuzi walikuwa wameufikia usiku. Nyasi zilikuwa zimeliwa, mabua yameliwa, na matunguu yalikuwa yametafunwa yakatemwa kwenye mavi. Nikaondoka mkono mtupu, huku wananipungia.

Kurudi

Bissil nilingoja lori la Kamau hadi alasiri. Mama Sanaipei hakunidai chai. Habari zilikuwa zimeshafika. "Kumbe ulikuwa umetumwa na Lemayian na ukanyamaza!" akasema mbele ya wateja. "Mimi nilikucheka na wewe uko na kazi ya Mungu." Nilikunywa ile chai ya bure, na ilikuwa chungu.

Kamau nilimweleza yote, kwa sababu mtu mmoja ilibidi ajue. Alicheka hadi akasimamisha lori kando ya barabara. Alipomaliza akafuta macho.

"Sasa si unyamaze tu? Nani atajua?"

"Yule mama anangoja."

"Hapo ni kweli," akasema, na hakucheka tena hadi Isinya.

Kitengela sikufika nyumbani. Niliuliza mafundi wa mageti hadi nikampata. Lemayian alikuwa mwembamba kama reli, hakuwa amenenepa hata kidogo. Alikuwa anachomelea mlango wa mtu, akainua kioo chake cheusi akanisikiliza. Nilimweleza kila kitu nikiwa nimesimama. Cheche zilikuwa zimezimika, na karakana nzima ilikuwa inasikiliza.

"Ulikula mbuzi yangu," akasema.

"Nilikula."

"Ulibakisha hata mfupa?"

"Lemayian, ndugu yangu, twende pamoja. Baba yako amekubali. Mlango uko wazi."

"Niende nifanye nini?" Sauti yake haikuwa ya hasira, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Unajua nimefikiria hiyo siku mara ngapi? Nitapanda mlima mimi mwenyewe. Nitang'oa hiyo nyasi kwa mkono yangu. Nitasimama kwa gate na baba ataniona vile nimechoka. Sasa wewe umeshasimama. Umeshapewa maji, umeshabarikiwa, umeshashiba. Mimi nikifika nitasema nimekuja kwa nini?"

Nilitazama mlango aliokuwa anachomelea.

"Rudi umwambie ulimdanganya. Mimi sikutuma mtu." Akashusha kioo, cheche zikaruka, na ikabidi nirudi nyuma.

Mara ya pili

Mwende aliposikia alienda jikoni. Alifunga muthokoi kwenye kopo lile lile, akaniwekea na sweta, kama mtu anayejua safari haitakuwa fupi.

Nilirudi hadi bomani, na Naisiae akatafsiri. Nilisema kwamba sikutumwa, kwamba nyasi zilikuwa za kufungia ua, kwamba Kimaasai sikijui, na kwamba Lemayian amekonda. Alipofika hapo alisita, akaniangalia, kisha akalisema. Koko aliinamisha kichwa. Mzee Parmuat aliwaita wazee wengine wawili. Wakaongea kwa chini. Nilikuwa tayari kwa fimbo. Nilikuwa tayari hata kulipa mbuzi, na nilisema hivyo, na Naisiae akaniambia ninyamaze.

"Baba anasema," akaeleza hatimaye, "mbuzi imeliwa, na baraka imetoka kwa mdomo. Hawezi kuimeza tena. Mtoto amesamehewa. Mtoto akisamehewa anarudi kazi." Alijaribu kuzuia kicheko akashindwa. "Na aliyesamehewa ni wewe. Anasema ng'ombe wanataka maji."

Nilidhani ni mzaha. Mzee alinipa fimbo.

Basi hicho ndicho kipande mlichosikia. Ni kweli. Msomi wenu alikaa kwa Mzee Parmuat akinywesha ng'ombe. Kisima kiko ndani kama nyumba ya ghorofa iliyopinduliwa. Unashuka, unachota, unampa wa juu, anamwaga kwenye hori, ng'ombe wanasukumana. Kaki yangu ilipasuka mgongoni siku ya kwanza. Watu wa maboma mengine walikuja na mifugo yao na kukaa ukingoni kunitazama.

"Huyu ndiye kijana ya Parmuat?"

"Ndiye. Alikuwa Kitengela, akarudi Mkamba."

"Mkamba, chota haraka, hata punda wako na kiu!"

"Mwacheni. Huyo ako na diploma. Anahesabu maji kwanza."

Niliwahi kujibu kwamba mimi nilivunja mawe kabla hawajazaliwa. Mmoja akasema, "Basi vunja hiyo kiburi, utatoa maji." Walicheka wote, na mimi nilikuwa ndani ya shimo, sikuwa na mahali pa kwenda.

Katika siku hizo Naisiae aliniambia jambo jingine. Asubuhi ile nilipoondoka, Koko aliokota tunguu moja ambalo mbuzi hawakulitafuna, akaliweka chini ya kitanda chake. Aliamini ni dawa ya macho ambayo mwanawe alikuwa ametuma. Alikuwa analishika kila jioni. Nilimwomba anirudishie, na ilibidi nimweleze kwa nini, na kwamba halikuwa dawa. Alinipa. Mkono wake ulibaki wazi kidogo hewani baada ya tunguu kutoka.

Nilipanda nalo mlimani siku ambayo ng'ombe walinyweshwa mapema. Nilizunguka ule mwamba kutwa. Sikuona ua jingine. Mashimo yangu yalikuwa bado pale, kingo zake kali, kazi safi ya sururu. Nililirudisha lile moja, nikalifunika, nikalinywesha kwa kiganja. Kama litatoa ua msimu ujao sijui. Kama kuna mengine nyuma ya mlima sijui. Mtu yeyote mwenye hamu ya kwenda kutafuta, hatapata jina la mlima kwangu.

Sasa Kamau. Hakunyamaza. Alisema habari zangu Bissil, akasema Kajiado, akasema Isinya, na Kitengela alisimama mbele ya karakana ya mageti akapiga honi hadi Lemayian akatoka. "Wewe unalala kitandani," akamwambia, "na kuna Mkamba anamwagia ng'ombe ya baba yako maji. Watu wanamwita kwa jina yako."

Lemayian alifika asubuhi. Nilikuwa nimeinama mbele ya Koko nje ya nyumba yake, nikingoja kusalimiwa. Kwao mdogo huinamisha kichwa, na mkubwa huweka mkono juu yake, na kila asubuhi Koko alikuwa ananiwekea mkono, hata baada ya kujua, kwa sababu nilikuwa ndani ya boma lake na mdogo kwake. Sikuwahi kuzoea. Lemayian aliingia langoni na mkono mtupu, shati la kazi, ana matundu ya cheche kwenye mikono. Baba yake alimwona. Hakuinuka, lakini hakugeuza uso. Lemayian alinipita, akachukua fimbo yangu iliyokuwa imeegemezwa ukutani.

"Toka," akaniambia. "Hiyo ni kazi yangu."

Mzee alisema kitu kifupi. Baadaye Naisiae aliniambia alikuwa amesema, "Umechelewa, wameshakwenda kisimani." Lemayian akajibu kwamba atawafuata.

Koko alikuwa amesikia sauti lakini hakuamini. Aliinuka kwenye kigoda chake na kunyoosha mkono mbele, akitafuta, na kichwa kilichokuwa karibu kilikuwa changu. Ukanigusa. Ulitulia hapo kama asubuhi nyingine zote.

Nikaushika kwa vidole viwili, nikautoa juu ya kichwa changu, nikaupeleka pembeni, mahali ambapo Lemayian alikuwa tayari ameinama.

Mimi nilichukua mkoba wangu nikatoka. Hakuna aliyeniaga, na hiyo ilikuwa haki.